Urithi wa Damu ni wa Wazazi Wawili



Hapa Likoni, Kisauni na Changamwe twasema, "Mtoto huyu kachukua pua ya babu yake." Maneno hayo ni kweli. Mtoto hurithi jeni kwa baba na kwa mama, mfano wa mbegu zitokazo mashamba mawili.

Katika urithi huo umo ugonjwa wa selimundu, ambao hupinda chembe nyekundu za damu mfano wa mundu, ukaleta maumivu makali na upungufu wa damu. Mwenye jeni moja tu ya ugonjwa huo kwa kawaida ni mzima, wala hajijui. Lakini wawili wa namna hiyo wakizaa pamoja, kila mimba huwa na nasibu moja katika nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Na hesabu hiyo huanza upya kwa kila mimba.

Mwaka 1949 Bwana Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alipima damu za watu wa nchi hii, akaona jeni hiyo ni nyingi pwani na kando ya Ziwa Victoria. Mwaka 1954 alieleza sababu yake: mwenye jeni moja hukingwa kwa kiasi na malaria.

Basi mtoto akiugua, asilaumiwe mama peke yake, wala jirani asishukiwe uchawi. Wanaokusudia kuoana na wapimwe damu kwanza, wajue mapema.