Kabla ya Kununua Printa, Ulizia Tona

Huko Mbagala, Tandika na Mwananyamala, mzazi anayetaka karatasi ya mtihani wa mwanawe huituma kwa simu kwenye duka la steshenari, akaifuate ikiwa imechapwa. Mtihani si siri. Lakini kitambulisho cha NIDA, hati ya kiwanja na majibu ya hospitali navyo hupita njia hiyo hiyo, vikabaki katika kompyuta ya mtu mwingine. Kwa hiyo anayefikiria kuwa na printa nyumbani hafuati anasa.

Kwa anayechapa mara chache, printa ya leza inafaa kuliko ya wino wa maji. Wino hukauka, tona ni unga, haikauki hata ikikaa miezi. Kazi ipo kwenye bei. Tona inayokuja na printa mpya mara nyingi haikujazwa sawasawa. Basi kabla ya kulipa pale Kariakoo, ulizia kwanza bei ya tona ya pili, na kama yuko fundi anayeijaza. Za mtumba kutoka Marekani nyingi ni za volti 120. Umeme wetu ni 230. Soma kibandiko cha nyuma, usimsikilize muuzaji.

Kuchapa bila waya hakuli bando. Simu na printa zikutane tu kwenye ruta moja. Zikikataa kuonana, tazama masafa: printa nyingi za bei nafuu hushika gigahezi 2.4 tu, 5 haziioni. Na usiichomeke kwenye UPS ndogo ya kompyuta. Leza inapopasha moto huvuta mamia ya wati kwa mkupuo.