Chupa ya Oksijeni na Mafuta Yasiyoonekana

(Mazungumzo pamoja na wamama wa kliniki)

Leo hatutasema juu ya uji wala chanjo. Tutasema juu ya ile chupa ya chuma inayosimama karibu na kitanda cha mtoto anayepumua kwa shida.

Oksijeni ni nini? Ni ile sehemu ya hewa inayotuwezesha kuishi. Katika hewa ya kawaida, sehemu 21 kwa 100 ni oksijeni. Ndani ya chupa ya hospitali ni karibu oksijeni tupu. Ni dawa. Msiiogope.

Lakini dawa hii ina adui wake: mafuta. Kwa nini? Mnajua mbabula. Ukipepea makala, moto unaamka, kwa sababu unauletea hewa. Sasa fikirini ule upepo ukiwa oksijeni tupu! Oksijeni yenyewe haiwaki, lakini inafanya vitu vingine viwake haraka na kwa ukali.

Tena, ndani ya chupa oksijeni imebanwa sana. Tairi ya motokari ina mkazo wa bar 2 hivi. Chupa iliyojaa inaweza kuwa na bar 150 na kupita. Mtu akifungua robine kwa haraka, oksijeni inakimbia, inabanwa mbele, na inapata joto kali. Ikikuta mafuta pale, hata kidogo tu, yanaweza kushika moto bila kiberiti.

Niwaeleze jambo nililoona nilipokuwa ningali mwanafunzi. Mtoto mmoja aliugua mapafu, na tulipaswa kumpeleka hospitali nyingine, safari ya saa nne. Tulikuwa na chupa moja kubwa tu, nzito sana. Baba yake alitumika ziwani pamoja na watu wanaozama chini ya maji wakibeba chupa za hewa mgongoni. Akakimbia, akarudi na chupa moja ya namna ile. Akasema: «Hii ni nyepesi. Mtilie oksijeni ndani, twende.»

Mwalimu wetu akakataa. Baba akakasirika: «Mtoto wangu atakufa juu ya chupa?» Hata sisi wanafunzi tulisema: «Tuioshe na sabuni, basi.» Mwalimu akajibu: «Mnaosha nje. Ndani nani ameona?»

Alisema kweli. Chupa ya wazamaji inajazwa hewa kwa mashine, na mashine nyingi za namna ile zinatumia mafuta. Mafuta kidogo yanaweza kupita pamoja na hewa, mwaka kwa mwaka, yakashika ndani ya chupa na ndani ya robine. Kwa hewa ya kawaida hayaleti neno. Kwa oksijeni tupu, ni hatari ya moto.

Je, chupa ile haiwezi kusafishwa kamwe? Inaweza, lakini ni kazi ya fundi aliyejifunza. Kwanza anatoa hewa yote, anaondoa robine na kuifungua kipande kwa kipande. Anaosha chupa ndani na maji ya moto na sabuni maalum ya kuondoa mafuta, anasuuza mara nyingi, na kukausha kwa hewa isiyo na mafuta. Anatazama ndani kwa taa, kama kuna kutu au alama ya mafuta. Mipira ya robine anabadilisha, anatia ile inayofaa oksijeni. Kisha anaandika juu ya chupa kwamba imesafishwa kwa oksijeni. Kama baadaye ikijazwa tena kwa mashine yenye mafuta, kazi yote imeharibika, inaanza upya.

Wamama, nyinyi mnachemsha kikombe cha mtoto ili kuua vijidudu. Vizuri. Lakini kuchemsha hakuondoi mafuta. Kila usafi una adui wake.

Basi, yule mtoto je? Tulilaza ile chupa kubwa ndani ya motokari, tukaifunga kwa kamba isitingishike, tukafungua madirisha, na hapana mtu aliyevuta tumbako. Baba alishika mtoto mikononi njia yote. Mtoto akapona. Kisha baba akarudi kumshukuru mwalimu, yule aliyemkasirikia.

Basi, mtoto wako akipewa oksijeni, shika mambo haya:

1. Usiguse robine. Mwite muuguzi. Mikono yako imetoka kupika na mawese.

2. Usimpake mtoto mafuta wala vazelini usoni, puani au midomoni. Midomo ikikauka, uliza muuguzi.

3. Mbabula, mshumaa, taa ya mafuta, kiberiti na tumbako vibaki mbali, nje ya chumba.

4. Robine ikiwa ngumu, mtu yeyote asitie mafuta ili ilainike. Ukiona anataka kufanya hivyo, piga kelele!

5. Usikubali chupa ya wazamaji wala ya fundi wa vyuma itiliwe oksijeni ya mgonjwa, hata ikiwa inang'aa kwa nje.

6. Usiondoe mpira puani mwa mtoto kwa sababu ya hofu. Oksijeni inamsaidia kuishi.

Mkifika nyumbani, waelezeni na wababa. Siku ya shida, mara nyingi ni wao wanaokimbia kutafuta chupa. Sasa nani ana swali?