Jina Si Ubao wa Matangazo

(Hotuba iliyotolewa mjini Njombe katika mkutano wa wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa)



Kwanza kabisa naishukuru Kamati kwa kunialika. Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumze juu ya utumishi wa umma na maendeleo ya taifa. Niliomba ruhusa nibadili mada, kwa sababu hiyo tumekwisha kuisikia mara nyingi katika ukumbi huu huu, na wengi wetu tuliilalia usingizi, mimi nikiwa wa kwanza. Nimechagua jambo dogo ambalo kila mmoja wetu ameingia nalo humu ndani bila kulilipia nauli, nalo ni jina lake la kwanza.

Mimi ni afisa utumishi. Kazi yangu ni majalada ya watumishi, na jalada huanza na jina. Kwa muda wote niliofanya kazi hii, yako majina yaliyonifurahisha na yako yaliyoniudhi. Leo nitayasema yaliyoniudhi. Mwishoni nitakiri na kosa langu mwenyewe, msije mkatoka hapa mkisema nyani haoni kundule.

Aina ya kwanza ni majina ya manung'uniko. Mnayafahamu: Shida, Tabu, Matatizo, Masumbuko, Majuto, Sikujua, Sikudhani. Wakati wetu, miaka ya 1990, kila darasa lilikuwa nao wawili watatu. Mtakumbuka yule mwalimu wetu wa hesabu asiyecheka. Asubuhi moja ya ukungu aliita orodha, akafika kwa mwenzetu, akasema, "Shida!" Mwenzetu akajibu, "Nipo, mwalimu." Mwalimu akatazama paa lililokuwa likivuja, akatazama ndoo iliyowekwa chini yake, akasema, "Hata mimi nakuona." Darasa zima tulicheka. Mwenye jina hakucheka, nasi hatukumtazama usoni.

Kwa nini mzazi ampe mtoto jina la namna hiyo? Mara nyingi alikuwa hasemi na mtoto. Alikuwa anasema na mume, au mawifi, au jirani wa ng'ambo ya bonde. Mama aliyesengenywa alimwita mtoto Sikudhani ili kila atakapomwita jioni kutoka shambani, jirani asikie. Huo ndio ubao wa matangazo ninaousema. Tangazo lilikuwa la wiki moja, lakini ubao umelibeba miaka sitini.

Hata hivyo lazima tuwe waadilifu. Wazee wetu waliishi wakati ambapo kumzika mtoto mchanga lilikuwa jambo la kawaida. Katika jamii nyingi za Kiafrika, aliyefiwa na watoto wawili watatu alimpa anayefuata jina baya makusudi, ili kifo kimdharau kipite. Jina lile lilikuwa boma la miiba. Lakini nyakati zimebadilika. Utafiti wa taifa wa mwaka 2004/05 ulionyesha kuwa kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 112 hawakufikisha miaka mitano. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa idadi hiyo imeshuka hadi 43. Bado ni wengi mno. Lakini waliowaokoa wale wengine ni chanjo, chandarua na zahanati, si jina la kutisha.

Wala sisemi kwamba jina kuwa sentensi ni kosa. Tazameni jirani zetu Wanyakyusa. Atupele maana yake ni "ametupa", na Tusajigwe maana yake "tumebarikiwa". Hizo nazo ni sentensi kamili, lakini mtoto akiitwa hivyo anasikia kwamba kuja kwake kulipokelewa. Tofauti iko katika kile ambacho mtoto anasikia juu yake mwenyewe.

Aina ya pili ni majina ya kigeni yanayoandikwa kwa kubahatisha. Hapa sote tumo. Tuna akina Lightness, ambao wazazi walikusudia nuru, kumbe Mwingereza akilisikia neno hilo huenda akafikiria uzito wa gunia lisilo na kitu. Tuna akina Happiness wanaoandikwa kwa namna nne. Tena sisi wa huku tuna mzigo wetu wa ziada, yaani r na l. Ulimi wa Kibena umezoea l, na bibi zetu walitulea kwa majina ya Maliamu, Lehema na Lozi bila kuona upungufu wowote. Shida inaanza pale mwandishi mmoja anapoandika alivyosikia, na mwingine anapojaribu kusahihisha kisichohitaji kusahihishwa. Hapo Gloria anakuwa Groria, na Fredrick anakuwa Fledrick.

Msidhani haya ni mzaha. Dada mmoja alipata ajira ya uuguzi. Cheti chake cha kuzaliwa kilisema Happiness, cha kidato cha nne kilisema Happyness, na kitambulisho kilikuwa na p moja. Mtu ni yule yule, sura ni ile ile, lakini kwenye karatasi walikuwa watu watatu. Alihangaika na viapo na nauli kwa miezi miwili, huku wenzake wakipokea mshahara. Kosa halikuwa la mtu mmoja. Kila kalamu aliyokutana nayo iliongeza herufi au ilipunguza, na hakuna aliyemwuliza mwenye jina.

Mnajua pia kwamba nchi yetu sasa haifanyi mchezo na karatasi. Mwezi Aprili 2017 Rais Magufuli alipokea ripoti ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, na watumishi 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi. Uhakiki ule ulikuwa wa haki. Lakini sisi tulioketi upande wa majalada tuliwaona pia watu wasio na hatia wakitetemeka kwa sababu ya herufi moja. Mwizi wa cheti na mtu ambaye jina lake liliandikwa ovyo wote wawili huanza kwa kuulizwa swali moja: wewe ni nani hasa?

Aina ya tatu ni majina ya matukio na ya watu mashuhuri. Hayati Edward Sokoine alipofariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984, wako wavulana waliopewa jina lake kwa heshima. Obama aliposhinda uchaguzi wa Marekani mwaka 2008, wenzetu wa Kisumu walipata akina Barack na Michelle wachanga. Katika ukoo wetu sisi yuko kaka aitwaye Reli. Alizaliwa wakati reli ya TAZARA ilipokuwa ikijengwa, kati ya mwaka 1970 na 1975, na mataruma yakitandikwa kupita Makambako. Mpaka leo akichelewa kwenye kikao cha ukoo watu humwuliza kama injini imeharibika njiani. Yeye hucheka, lakini amesikia mzaha huo huo kwa nusu karne.

Jina la tukio si lazima liwe baya. Baba wa Taifa alizaliwa mwaka 1922 siku ya mvua, akapewa jina la Kambarage, ambalo ni jina la mzimu wa mvua. Julius lilikuja baadaye, alipobatizwa mwaka 1943. Jina lile la kwanza lilisimulia siku aliyozaliwa, wala halikumdai chochote. Ubaya unaingia pale jina linapomdai mtoto awe kama fulani, au linapowatangazia watu sifa za baba yake.

Wako wanaosema serikali iingilie kati. Mwaka 1972 Mobutu aliwataka raia wa Zaire waache majina ya Kikristo, naye mwenyewe akaacha kuitwa Joseph-Désiré. Mimi sipendi njia hiyo, maana mtu mmoja hawezi kuchagua majina ya nchi nzima. Lakini mwaka 2008 huko New Zealand jaji mmoja alikutana na msichana wa miaka tisa ambaye jina lake lilikuwa sentensi nzima juu ya kucheza ngoma ya Hawaii. Mtoto yule aliona aibu kiasi kwamba rafiki zake aliwaambia anaitwa K tu. Jaji alimweka chini ya ulinzi wa mahakama ili apatiwe jina jingine. Niliposoma habari ile nilimpongeza jaji kwa moyo wote. Sikujua kwamba kesi kama hiyo ingefika nyumbani kwangu.

Sasa naja kwenye kosa langu.

Mwaka niliomaliza Mlimani, mke wangu alijifungua mtoto wetu wa kwanza, binti. Nilikuwa mtu wa kwanza katika ukoo wetu kupata shahada, na kichwa kilikuwa kimevimba kama andazi. Nikamwita binti Shahada. Mke wangu aliniuliza, "Una hakika, mume wangu?" Nikamjibu kwamba ni jina la kihistoria. Kwa kuwa desturi yetu ni kumwita mzazi kwa jina la mtoto, tangu siku hiyo watu wote, kuanzia stendi ya Makambako hadi kanisani, waliniita Baba Shahada. Nakiri mbele yenu: hilo ndilo nililokuwa nalitaka. Niliwalaumu wazazi walioandika ugomvi wao juu ya watoto, kumbe mimi nilikuwa nimeandika majivuno yangu.

Aliyelipa gharama ni mtoto. Shuleni akishindwa swali, wenzake walisema, "Shahada imefeli." Kisha akaja mwalimu mgeni, akagawa watoto kwa ajili ya kipindi cha dini kwa kusoma orodha tu. Kwa Waislamu shahada ni tamko la imani, basi binti yangu, ambaye amebatizwa, akapelekwa kwa Waislamu. Alikaa huko wiki tatu kwa adabu zote, na kwa kweli walimfundisha vizuri. Siku niliyomwuliza kwa nini hakumwambia mwalimu, alinijibu, "Baba, nilidhani wewe ndiye uliyepanga, kwa sababu jina ulinipa wewe."

Alipofika darasa la sita alikuja barazani jioni, akapiga magoti, akasema ana ombi. Alitaka kubadili jina kabla ya kuandikishwa kwa mtihani wa darasa la saba. Nilifurahi moyoni, nikamwambia achague lolote. Akasema, "Nataka jina la bibi."

Ndugu zangu, bibi huyo ni mama yangu mzazi, na jina lake ni Tabu.

Nilimweleza yote niliyowaeleza ninyi leo: boma la miiba, manung'uniko, orodha ya darasani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Baba, bibi hana tabu yoyote. Bibi ni bibi tu." Nilipanda gari kwenda kumwona mama, nikitumaini atanisaidia kumkataza. Mama ndiye aliyeuza viazi na mahindi ya kuchoma pale njia panda ya Makambako ili mimi nilipe ada ya shule hii. Alicheka mpaka akashika ubavu. Akasema, "Mwanangu, walioniita Tabu wamekwisha kufa, na sababu yao wameondoka nayo. Jina nimebaki nalo mimi. Mwache mtoto."

Basi tulikwenda kwa wakili, hati ya kubadili jina ikaandaliwa na kusajiliwa, na binti yangu akaandikishwa mtihani kwa jina la Tabu.

Je, nimebadili mawazo? La hasha. Bado nasema msiwaite watoto wenu Shida wala Matatizo. Mama yangu alilisafisha jina lake kwa miaka mingi ya kuamka usiku na kubeba magunia, na hakuna mtoto anayestahili kuanzishiwa maisha kwa kazi ya namna hiyo. Lakini nimejifunza kwamba binti yangu alilipokea jina kama urithi kutoka kwa mtu anayempenda, na lile nililompa mimi alilibeba kama kibandiko cha baba.

Kwa hiyo naacha maombi matatu. Kwenu wenzangu wazazi: kabla hamjaandikisha jina, lisemeni kwa sauti mara kumi, kama mwalimu anayeita orodha mbele ya watoto hamsini wasio na huruma. Kisha liandikeni kwa namna moja tu, katika kadi ya kliniki, katika cheti cha ubatizo na katika cheti cha kuzaliwa.

Kwenu vijana mlio hapa: kabla ya kuandikishwa mtihani wa kidato cha nne, chukueni cheti cha kuzaliwa, mlinganishe herufi kwa herufi. Jina mtakaloandikishiwa ndilo litakalokuwa katika cheti, na kulirekebisha baadaye si kazi ya siku moja. Msione haya kumwambia mwalimu kwamba amekosea. Binti yangu aliona haya kwa wiki tatu.

Na ombi la tatu ni kwetu sote. Mwenzetu yule wa paa linalovuja yumo humu ukumbini leo, amekaa safu ya tatu. Sikuwahi kumwomba radhi kwa kicheko kile. Ndugu yangu, nakuomba radhi sasa, mbele ya mashahidi.

Mkinihitaji baada ya chakula, msiulize Baba Shahada yuko wapi, kwa kuwa jina hilo halipo tena. Siku hizi naitwa Baba Tabu.