Oda Haifutwi: Uzoefu wa Kujenga Mfumo wa Oda kwa Duka la Jumla la Khanga



Nimeombwa nizungumzie ujenzi wa mfumo wa kusimamia oda unaotumika kwenye kivinjari. Nadhani waandaaji walitaraji niseme lugha ipi ya programu inafaa na seva ikodiwe wapi. Hayo nayapita upesi: nilitumia Django na PostgreSQL kwa kuwa ndivyo nilivyovizoea, na mwenzangu atakayetumia Laravel na MySQL atafika palepale. Vilivyonitoa jasho ni vitu vingine, na karibu vyote vilikuwa vimeshatatuliwa ndani ya kaunta buku kabla sijafika.

Duka lenyewe liko Kariakoo, linauza khanga na vitenge kwa jumla. Wateja wako Songea, Newala, Unguja. Wanapiga simu au wanatuma ujumbe wa WhatsApp, karani anaandika, vijana wa stoo wanafunga mzigo, mzigo unapelekwa kwenye basi au botini. Wiki ya kwanza nilikaa ubavuni mwa karani nikimtazama anavyoandika. Naona sasa kwamba ningekaa wiki tatu.

Korija ni ngapi?

Khanga huuzwa kwa doti, na doti ni pande mbili. Korija ni 20. Nikaandika hivyo kwenye jedwali la vipimo, nikaendelea na kazi. Lakini 20 za nini? Pale dukani korija ni doti 20, yaani pande 40. Mimi, kijana wa kompyuta, nilihesabu pande 20. Mteja wa Songea alipoagiza korija 3, stoo ilitoa doti 60, mfumo ukapunguza pande 60. Kwenye skrini zikabaki doti 30 ambazo stoo hazipo, na siku ya pili tukamuuzia mtu mwingine hewa.

Tiba yake ni hii. Kila bidhaa iwe na kipimo chake cha msingi, na ufungashaji wake uhesabiwe kwa kipimo hicho, bidhaa kwa bidhaa, maana vitenge havifuati hesabu ya khanga. Kisha kila mstari wa oda utunze mambo mawili: alichosema mteja, "korija 3", na kitakachohesabiwa stoo, "doti 60". Bei nayo inakiliwe kwenye mstari huohuo siku ya oda. Ukiiacha iwe inasomwa kutoka kwenye orodha ya bidhaa, bei ikipanda Jumatatu, oda za Ijumaa nazo zitapanda.

Daftari halifuti

Mteja akibadili mawazo, yule karani hakati ukurasa wala hatumii kifutio. Anapitisha mstari juu ya tano, anaandika tatu kwa kalamu nyekundu, na pembeni anaweka tarehe. Nilikiona kitendo hicho mara kumi kwa siku bila kukielewa.

Toleo langu la kwanza lilikuwa na safu moja ya "hali" na safu moja ya "idadi". Oda ikisonga mbele, thamani mpya inakaa juu ya ya zamani. Safi kabisa, ndivyo tunavyofundishwa. Mwezi haujaisha, mteja mmoja akapiga simu akilalamika kwamba aliagiza korija 5 akaletewa 3. Mfumo ulionyesha 3, basi. Nani alipunguza, lini, kwa simu ya nani? Mwenye duka, ambaye sote pale tunamwita Bi Mkubwa, akavua miwani, akanitazama.

"Mwanangu, ile tano umeipeleka wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi nikaandika upya. Sasa kuna jedwali la matukio ambalo huongezwa tu: oda imepokelewa, idadi imebadilishwa, mzigo umefungwa, mzigo umekabidhiwa kwa basi. Kila tukio lina saa yake na jina la aliyelifanya. Hali ya sasa ya oda hupatikana kwa kusoma matukio hayo kwa mpangilio. Programu yenyewe nimeinyima ruhusa ya kubadili au kufuta mistari ya jedwali hilo ndani ya PostgreSQL, ili hata mimi nikiwa na haraka saa saba usiku nisiweze. Gharama ipo: jedwali linanenepa, na ripoti zinahitaji jedwali la muhtasari pembeni.

Hapa kuna mtego wa kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki ya kudai taarifa zake zirekebishwe au zifutwe. Utafutaje kwenye jedwali lisilofutika? Jina na namba ya simu zikae kwenye jedwali lao, na matukio yabebe namba ya mteja tu.

Kitufe kilichobonyezwa mara mbili

Karani anatumia bando la simu. Alasiri moja mtandao ulisuasua. Akabonyeza "Tuma", duara likazunguka, akabonyeza tena. Asubuhi yake vijana walifunga mizigo miwili ya mteja mmoja, na wa pili ulikamatwa ukiwa tayari begani kwa mpagazi.

Wengi wetu huzima kitufe baada ya kubonyezwa. Haitoshi. Ombi linaweza kufika kwenye seva, oda ikaandikwa, na jibu ndilo likapotea njiani. Mtu atafungua ukurasa upya na kuanza tena. Kwa hiyo fomu inapofunguliwa hupewa namba ya pekee, namba hiyo husafiri na oda na kukumbukwa kwenye simu mpaka jibu lirudi, na kanzidata inakataa namba ileile mara ya pili. Seva haitoi kosa. Inarudisha oda ya kwanza, na karani hajui kama kulitokea lolote.

Malipo ya simu yanataka adabu hiyohiyo. Taarifa ya muamala mmoja inaweza kuletwa zaidi ya mara moja, hivyo namba ya muamala ndiyo ufunguo. Na malipo yathibitishwe seva kwa seva. Ujumbe mfupi anaouonyesha mteja kwenye simu yake si ushahidi. Kariakoo hilo wanalijua kuliko sisi.

Madogo mawili. Fedha zitunzwe kwa namba kamili: kompyuta ikijumlisha 0.1 na 0.2 kwa desimali zake za kawaida inapata 0.30000000000000004, na mhasibu hatakusamehe. Saa nayo: saa zetu ziko mbele ya UTC kwa saa 3, na kuelekea Idi oda huingia usiku wa manane. Ripoti isiyojua hilo itaziweka oda za baada ya saa sita usiku kwenye mauzo ya jana. Tena karani aliyeambiwa basi linaondoka saa nne aliandika 4:00, mfumo ukaelewa alfajiri. Siku hizi anachagua kwenye orodha iliyoandikwa "saa 4 asubuhi".

Mali kauli

Hili sijalimaliza. Mfumo wangu ulijua oda iliyolipwa na isiyolipwa. Bi Mkubwa anajua ya tatu: mzigo umeondoka kwa kauli, utalipwa ukishauzwa. Nilimwekea kisanduku cha tarehe ya mwisho ya kulipa, cha lazima. Karani akawa anajaza tarehe ya uongo ili ukurasa umruhusu kupita, na kila Jumamosi mfumo ukawa unawadai kwa ujumbe watu wasiodaiwa bado. Wawili walinuna.

Nikakiondoa, nikaweka kisanduku cha maneno matupu kinachoitwa "Kauli". Hakitumi ujumbe wala hakipigi hesabu. Juzi nilifungua oda ya mteja wa Newala kutazama jambo jingine, nikakuta karani amekijaza: "Baada ya korosho."