TAARIFA KWA WANACHAMA: NJIA IKIPITA KATIKATI YA MJI, TUULIZE NINI?



Nimeombwa niweke hapa mazungumzo niliyoyatoa kwenye kikao cha tawi, maana wengi mlikuwa mashambani. Mwenye simu amsomee jirani asiye nayo.

Mada ilikuwa reli nyepesi, yaani treni ya umeme inayokatiza katikati ya mji wenye watu wengi. Mjumbe mmoja akauliza, sisi wa Ganako treni ya mjini inatuhusu nini? Swali zuri. Barabara iendayo geti la Ngorongoro inapita katikati ya mji wa Karatu. Pembeni yake tunauza mahindi na maharage, tunapanda magari, bodaboda zinapaki, na watoto wanavuka kwenda shule huku magari ya watalii yakipita. Siku barabara hiyo ikipanuliwa, au njia yoyote mpya ikiletwa, maswali yatakuwa yaleyale. Ni heri tujifunze kwa waliotangulia.

ADDIS ABABA

Ethiopia ilizindua reli nyepesi ya Addis Ababa Septemba 2015. Ilikuwa ya kwanza ya aina yake katika Afrika kusini mwa Sahara. Njia ni mbili, moja ya mashariki hadi magharibi, nyingine ya kaskazini hadi kusini kupitia eneo la soko kubwa la Merkato. Katikati ya mji njia hizo zinatumia reli moja. Urefu wote ni kilomita 30 na ushee, vituo 39, treni 41. Gharama ilikuwa dola za Marekani milioni 475, na asilimia 85 ilikuwa mkopo wa Benki ya Exim ya China.

Mwanzoni watu walifurahi, kwa sababu nauli ilikuwa kati ya birr 2 na 6 tu na treni haikwami kwenye foleni. Hilo ni jema na tusilibeze. Lakini mambo mawili yalijitokeza.

Kwanza, sehemu kubwa ya reli ile iko chini, usawa wa barabara, na imezungushiwa uzio. Mtu aliyezoea kuvuka kwa hatua ishirini kwenda dukani sasa anazunguka hadi kwenye kivuko. Mtaa uliokuwa mmoja umekuwa pande mbili. Mwenye duka upande huu amepoteza wateja wa upande ule, ingawa duka lake halikubomolewa hata tofali moja.

Pili, na hapa naongea kama mtu wa hesabu. Fedha ya kujenga ina siku yake ya mwisho, ila fedha ya kuendesha inatakiwa kila kukicha. Nauli ile ndogo haikutosha kulipia umeme, mishahara na vipuri. Vipuri vinaagizwa nje kwa fedha za kigeni, na Ethiopia ilikuwa na uhaba wa fedha hizo. Baada ya miaka michache treni nyingi kati ya zile 41 zilikuwa zimeegeshwa, huku deni likiendelea kudaiwa.

DAR ES SALAAM

Kwetu Tanzania mfano wa karibu ni mwendokasi. Mabasi yalianza Mei 2016 kutoka Kimara hadi Kivukoni, na matawi ya Morocco na Gerezani, Kariakoo, jumla kama kilomita 21. Safari iliyokuwa ikimaliza asubuhi nzima ilifupishwa sana. Lakini karakana ya mabasi iliwekwa Jangwani, kwenye bonde la Mto Msimbazi. Kila mzee wa Dar anajua kuwa Jangwani hujaa maji. Mvua zikaja, mabasi yakaharibika, na barabara ikafungwa mara kwa mara. Njia ya Mbagala nayo ilijengwa ikakaa muda mrefu bila mabasi yake.

Kwa hiyo kosa la njia ya mjini huzaliwa kwenye mpango, kabla greda halijafika. Hatua zake ni upembuzi yakinifu, usanifu, tathmini ya athari kwa mazingira na jamii, uthamini, halafu ujenzi. Sisi huwa tunaamka kwenye ujenzi. Wakati huo michoro imeshapitishwa na mkataba umeshasainiwa.

SHERIA NA DAFTARI

Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kupima kutoka katikati ya barabara. Ndiyo maana tunaona alama za X za rangi mbili. Nyekundu ni ya aliyejenga ndani ya hifadhi, hana fidia. Kijani ni ya aliyekutwa na sheria mpya, ana haki ya fidia eneo lake likihitajika. Kabla hujamwaga zege, pima.

Kanuni za fidia za mwaka 2001 hazikuishia kwenye bei ya ardhi na nyumba. Zina posho ya usumbufu, usafiri, malazi na faida iliyopotea. Faida hiyo ni faida halisi ya mwezi mara miezi 36, na kanuni zinataja hesabu zilizokaguliwa pale inapohitajika. Chukueni mfano wa mama mwenye mgahawa kwenye kiwanja chake, anayebakiwa na shilingi 150,000 kwa mwezi. Mara 36 ni shilingi 5,400,000. Kama hana daftari wala risiti, atamwonyesha nini mthamini? Machozi hayaingii kwenye jedwali la uthamini.

Tuseme ukweli pia. Mwenye meza ndani ya hifadhi ya barabara hana fidia hiyo. Huyo kinga yake ni mpango wenyewe kumtengea eneo lenye wateja, na eneo hilo huombwa mapema.

TULIYOKUBALIANA

1. Kila mfanyabiashara aanze daftari la mapato na matumizi. Nitafundisha bure ofisi ya tawi, kila Jumamosi saa 10 jioni.

2. Mwenye kiwanja kando ya barabara apime umbali wake na atunze nyaraka zake zote.

3. Ukitangazwa mkutano wa kijiji kuhusu mradi wowote wa njia, twende na maswali manne yaandikwe kwenye muhtasari: Tutavukia wapi? Maji ya mvua yataelekea wapi? Wauzaji watahamia wapi, na lini? Nani atalipia uendeshaji baada ya uzinduzi?

4. Siku ya mnada tuhesabu watu wanaovuka barabara na sehemu wanazovukia. Vijana watano wamejitolea. Takwimu hiyo tutaikabidhi kwa diwani kwa maandishi.

Ndugu zangu, hakuna anayepinga maendeleo hapa. Tunataka njia itakayotupitisha na sisi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, kwa hiyo tusiishie kupiga makofi siku ya jiwe la msingi. Tuulize mapema, kwa adabu na kwa namba.



Katibu wa Tawi
Ganako, Karatu