Ubao Uliojaa



Maneno yangu ni kwa ninyi wa Kidato cha Sita mnaokusudia kuwa walimu. Mwalimu mpya hufundisha kama alivyofundishwa. Mimi, katika mazoezi ya kufundisha, nilijaza ubao notisi za kilimo cha umwagiliaji, kwa Kiingereza, wanafunzi wakanakili dakika 80. “Tumeelewana?” “Ndiyoo!”

Kwenye jaribio, kijana mmoja hakuweza kueleza maji yanavyofikishwa shambani. Kumbe kwao wana zamu ya mfongo, na yeye mwenyewe huuzibua! Mifereji hiyo Wachagga waliichimba kabla ya Wajerumani kufika, nayo hushusha maji ya mlimani kwa mteremko tu, bila pampu. Sikumwuliza.

Kunakili kulikuwa na sababu yake: vitabu vilikuwa haba. Mtaala wa 2005 ulitaka mwanafunzi atende, lakini mazoea hayasomi mtaala.

Basi, kabla hamjashika chaki, tokeni hapa Njoro mpande mlimani, mmwulize mwenye zamu jinsi wanavyogawana maji. Ubao utawangoja.

Kijana yule nilimpa alama 3 kati ya 10.