Cheti Chako Kitambuliwe Kabla Hujapanda Ndege

Haya ni mazungumzo ya fundi umeme, mzaliwa wa kaunti yetu anayefanya kazi nchini Ujerumani, aliyoyatoa mbele ya wanafunzi, wahitimu na wazazi katika mojawapo ya vyuo vyetu vya mafunzo ya ufundi. Tunayachapisha kwa manufaa ya wakazi ambao hawakupata nafasi ya kuhudhuria.

 

Nimeombwa nieleze jinsi fundi kutoka hapa anavyoweza kupata kazi ya ujuzi wake ng'ambo. Nitazungumzia Ujerumani kwa sababu ndiko ninakofanya kazi, na kwa sababu tangu Kenya na Ujerumani zitie saini mkataba wa uhamiaji na ajira mjini Berlin tarehe 13 Septemba 2024, simu yangu haipumziki. Kila anayepiga huuliza swali moja: "Kazi ziko?"

Ziko. Ujerumani ina upungufu wa mafundi umeme, mafundi wa mabomba, wauguzi na watu wa kazi nyingine nyingi. Lakini kuna swali linalopaswa kutangulia: je, cheti chako kinajulikana huko? Kisipojulikana, wewe si fundi machoni pa mwajiri. Utapata kazi ya kupanga masanduku ghalani au kuosha vyombo hotelini. Kazi ni kazi, wala sidharau mkono wa mtu. Lakini mzazi hakuuza ng'ombe akakusomesha miaka mitatu ili ukapange masanduku. Na kila mwaka unaokaa mbali na kazi yako, mkono unasahau, na mwajiri anayefuata anakuuliza ulikuwa wapi.

Mkataba unasema nini

Mkataba ulipotiwa saini, ilienea habari kwamba Ujerumani imekubali kuchukua Wakenya 250,000. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani yenyewe ilikanusha. Mkataba hautaji idadi yoyote. Unachofanya ni kurahisisha ushirikiano wa serikali hizi mbili kuhusu wafanyakazi na wanafunzi wenye sifa, na pia kuhusu kuwarudisha watu wasio na ruhusa ya kuishi kule. Hakuna nafasi iliyowekwa kando kwa jina lako. Kila Mkenya anaingia kwa kutimiza masharti ya sheria ya Ujerumani ya wafanyakazi wenye ujuzi, sawa na mtu wa India au Brazil. Kwa hiyo mtu akija kijijini akisema ana "nafasi za mkataba" za kuuza, anauza kitu ambacho hakipo.

Jinsi cheti kinavyopimwa

Ujerumani ina kazi za aina mbili. Kuna zile zinazodhibitiwa na sheria, kama uuguzi na udaktari. Hizo huwezi kuzifanya bila leseni yao, hata kama umezifanya hapa kwa miaka 20. Halafu kuna nyingine, kama upishi au ufundi umeme wa kuajiriwa, ambazo hazidai leseni ya namna hiyo. Hata hivyo, kwa kawaida viza ya fundi hudai cheti chako kiwe kimetambuliwa.

Kutambuliwa maana yake ni kwamba afisi maalum inalinganisha mafunzo yako na mafunzo ya Mjerumani wa kazi hiyo hiyo: masomo gani, saa ngapi, mazoezi gani. Kwa kazi za viwanda na biashara, afisi hiyo inaitwa IHK FOSA na iko mjini Nürnberg. Kazi za ufundi wa mikono hupimwa na chama cha mafundi cha eneo unakotaka kufanya kazi. Wauguzi hupimwa na mamlaka ya jimbo. Tovuti ya serikali yao iitwayo Anerkennung in Deutschland itakuonyesha afisi inayokuhusu, na haitozi chochote. Ombi lenyewe unaweza kulituma ukiwa hapa hapa nyumbani. Ada yake kwa kawaida ni kati ya euro 100 na 600, kisha kuna gharama ya kutafsiri karatasi.

Majibu huwa matatu: umetambuliwa kikamilifu, umetambuliwa kwa sehemu, au hukutambuliwa. Wengi wetu hupata la pili. Msilie mkilipata. Jibu hilo hutaja yale unayoyajua na yale uliyopungukiwa, na mwajiri akilisoma anajua akufundishe nini.

Mimi mwenyewe nilitambuliwa kwa sehemu. Umeme wa kule si mgeni. Hapa tunahesabu volti 240, kule 230. Tofauti iko katika kanuni. Sisi tumefunzwa kwa desturi ya Waingereza: plagi ya miguu mitatu yenye fyuzi ndani, na waya wa soketi unaozunguka nyumba kisha ukarudi kwenye bodi. Kule plagi haina fyuzi, na waya wa soketi haurudi kwenye bodi. Unaishia soketi ya mwisho na kulindwa na breka yake. Barua yangu ilisema nimepungukiwa na kanuni zao za usalama na vipimo vyake. Kampuni ikaniajiri kama msaidizi wa fundi umeme, nikajaza mapengo hayo kwa miezi 11, kisha nikapewa utambuzi kamili. Mshahara ukapanda mwezi uliofuata.

Tangu Machi 2024 sheria imeongeza njia nyingine: ukiwa na mafunzo ya angalau miaka miwili yanayotambuliwa na serikali yako, mwajiri aliyekubali kukuajiri na Kijerumani cha kiwango cha A2, unaweza kuingia na kukamilisha utambuzi ukiwa kazini.

Karatasi za kukusanya

Cheti peke yake hakitoshi. Chukua na orodha ya alama zako. Omba chuo kikupe muhtasari wa masomo unaoonyesha saa za darasani na saa za karakana. Tunza kitabu ulichokuwa ukiandika kila siku ulipokuwa kwenye mafunzo ya nyanjani. Wengi hukitupa wakishapata alama, na hicho ndicho kinachoonyesha kazi uliyoifanya kwa mikono yako.

Waliokuajiri waandike barua inayotaja kazi, si sifa tu. Barua inayosema wewe ni kijana mwaminifu ni nzuri ya kupeleka kwa wakwe. Afisi ya Ujerumani inataka kusoma kwamba uliweka nyaya katika nyumba za makazi, ulifunga bodi za umeme wa awamu tatu, ulipima waya wa ardhi, kuanzia mwezi gani hadi mwezi gani.

Halafu angalia jina. Kama kitambulisho kina majina matatu, cheti cha kidato cha nne kina mawili na pasipoti imeandikwa herufi nyingine, rekebisha sasa, ukiwa karibu na afisi zinazohusika.

Kwa mafundi wa jua kali mliofunzwa na mjomba gereji, nitasema wazi. Mtihani wa ufundi wa NITA na mpango wa serikali yetu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini ni hatua nzuri, na zinakupa karatasi hapa Kenya. Lakini Ujerumani huangalia sana mafunzo rasmi, kwa hiyo uliza afisi ya utambuzi kabla hujatumia pesa. Kijana aliyemaliza kidato cha nne anaweza kufikiria njia nyingine iitwayo Ausbildung: kusoma ufundi kule kule, siku nyingine darasani na siku nyingine kazini, kwa takriban miaka mitatu, huku akilipwa posho. Katika uuguzi wa hospitali za umma, posho ya mwaka wa kwanza hupita euro 1,000 kwa mwezi kabla ya makato. Ukimaliza, cheti chako ni cha huko na hakuna wa kukiuliza.

Lugha ni usalama

Viwango vya lugha vinaanzia A1 na kupanda hadi C2. Muuguzi kwa kawaida hudaiwa B2 kabla ya kupewa leseni. Kwa Ausbildung, jiandae kufika B1. Fundi anaweza kukubaliwa na kiwango cha chini zaidi, lakini eneo la kazi halitamhurumia. Msimamizi akisema laini hii haijazimwa, nawe ukasikia imezimwa, hakuna mtihani wa marudio. Soma lugha hapa, ukiwa unakula nyumbani na bila kodi ya nyumba ya Ulaya juu ya kichwa. Na kabla hujalipa darasa lolote, uliza kama cheti cha mtihani wao kinakubaliwa na ubalozi. Cha Goethe-Institut, ambayo ina kituo Nairobi, kinakubaliwa.

Nani alipe, na alipe nini

Wazazi, hapa naomba mnisikilize. Nimeona hatimiliki za mashamba zikiwekwa rehani na harambee zikifanywa kwa ajili ya safari ambayo hata cheti cha msafiri hakijawahi kutumwa kupimwa. Utaratibu uwe huu: kwanza cheti na lugha, kisha mwajiri, kisha viza, na nauli mwisho kabisa.

Ajenti yeyote wa kazi za ng'ambo lazima awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Mwulize jina kamili la kampuni, kisha ulitafute wewe mwenyewe katika orodha ya mamlaka hiyo au uulize katika afisi ya leba. Usitosheke na nakala ya leseni aliyokuonyesha kwenye simu. Pesa zozote zipewe risiti. Hakuna ajenti anayetoa viza. Hiyo ni kazi ya ubalozi. Kwa wauguzi, Ujerumani ina nembo ya serikali ya uajiri wa haki, na ajenti mwenye nembo hiyo haruhusiwi kumtoza muuguzi ada ya kumtafutia kazi. Mwajiri ndiye hulipa. Vilevile shirika la ajira la serikali ya Ujerumani huorodhesha kazi bila malipo.

Kuna pia kadi ya fursa, Chancenkarte, iliyoanza tarehe 1 Juni 2024. Inakuruhusu kukaa Ujerumani hadi mwaka mmoja ukitafuta kazi, na kufanya kibarua cha saa 20 kwa wiki. Inafaa mtu mwenye akiba, kwa kuwa lazima uonyeshe una zaidi ya euro 1,000 za kujikimu kwa kila mwezi. Si kazi, ni ruhusa ya kutafuta. Ukiinunua kwa pesa za harambee na mwaka ukaisha mikono mitupu, utarudi na deni la kijiji kizima.

Ukishafika

Soma mkataba wa kazi kabla ya kuutia saini, mstari kwa mstari. Angalia jina la kazi. Kama utaanza chini, uanze kama msaidizi katika fani yako, na mkataba useme ni nani atakayelipia mafunzo ya kujaza mapengo na yataanza lini. Angalia kama kuna kipengele kinachokudai pesa ukiacha kazi mapema, na ni kiasi gani.

Mshahara unaotajwa ni wa kabla ya makato. Kodi, bima ya afya, pensheni na bima nyingine zinaweza kuchukua karibu theluthi kwa mtu asiye na mke au mume. Fanya hesabu yako kwa kile kinachobaki. Sajili anwani yako kwa serikali ya mtaa ndani ya wiki mbili, kwa maana mambo mengi hutegemea karatasi hiyo. Jua kwamba miezi ya majaribio inaweza kufika sita. Na ukihama mwajiri, dai barua ya kazi. Ni haki yako kisheria, na mwajiri anayefuata ataiomba.

Wazazi, mwaka wa kwanza msimhesabie kijana sana. Euro anayolipia mtihani wa lugha mwaka huu ina faida kwenu kuliko ile atakayowatumia akiwa bado ghalani.

Nanyi vijana, nawaachia kazi ya wiki hii. Toa cheti, kitambulisho na pasipoti, uvilinganishe majina. Nenda chuoni ukaombe muhtasari wa masomo wenye saa. Halafu fungua ile tovuti ya utambuzi, andika kazi yako, uone ni afisi gani itakupima. Usiyoyaelewa, njoo nayo tuulizane. Kuuliza si ujinga. Hasara ni kulipa kabla ya kuuliza.